Idadi Ilitimia

Nimechoka, sina cha kusingizia. Mwaka wa tisa huu natunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, kwenye chumba kisicho na dirisha, na watu bado wananiita fundi kompyuta wakija kuniomba nichomoe karatasi iliyokwama kwenye printa. Naichomoa. Nikikataa nitaambiwa naringa.

Kazi yangu yenyewe ni hii. Mgonjwa anapoandikishwa, mashine inampa namba, ile inayofuata ya mwisho. Majibu ya maabara hayana jina, yana namba hiyo tu. Jina liko kwenye jedwali la wagonjwa, nalo limesimbwa: nikilitazama naona herufi za ovyo, kama mtoto kachezea kibodi. Ufunguo wa kulifungua umegawanywa nusu mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo mkuu wa idara, mama mmoja mkali tunayemwita Bi Kufuli, mwenyewe anajua na hajali. Watu wa mapokezi wanaandika jina la mgonjwa aliyesimama mbele yao, mashine inawaonyesha huyo mmoja, basi.

Jumamosi moja tukahamia mashine mpya, na aliyehamisha ni mimi. Mgonjwa akifutwa, labda kwa kuwa aliandikishwa mara mbili, namba yake imekufa. Hapewi mtu mwingine, pengo linabaki. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha unatakiwa uiambie mashine mpya ipokee namba za zamani kama zilivyo. Ni amri ya mstari mmoja tu. Sikuiandika. Nilikuwa hoi, siku ya kumi na mbili kazini mfululizo, na kiyoyozi kilishakufa zamani. Mashine mpya ikagawa namba upya, moja, mbili, tatu, bila kuruka. Penye pengo la kwanza mgonjwa aliyefuata akasogea nafasi moja, na wote wa nyuma yake wakasogea. Majibu ya maabara yakabaki na namba za zamani. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na majibu ya mwenzake.

Nilihakiki, msiniseme sikuhakiki. Nilihesabu mistari: elfu tisa mia nne na sita kule, elfu tisa mia nne na sita huku. Idadi ilitimia. Zamani, kabla hatujasimba, ningepitisha jicho kwenye majina nikashtuka. Sasa jicho lingeona nini? Nikafunga mlango nikaenda zangu nyumbani.

Jumatano ya wiki ya pili, baba mmoja mtu mzima akaja mapokezi na barua ya majibu, uso ameukunja. Barua ilimwambia kwamba mlango wake wa kizazi uko salama. Wauguzi walicheka wakashika mbavu, na mimi nilianza kucheka nao. Halafu nikakatisha kicheko, kwa sababu shangazi yangu naye alichukua barua yake Alhamisi iliyopita.

Shangazi ndiye aliyenilea. Walimtoa kinyama kidogo kwenye titi, kikaenda kupimwa, na daktari wa upasuaji akamwekea nafasi Ijumaa hii endapo majibu yangekuwa mabaya. Barua ikasema hakuna ugonjwa. Alinipigia akilia kwa furaha, akaupigia ukoo mzima, kisha akaenda mwenyewe kumwambia daktari ile nafasi ampe mwingine. Daktari akasoma majibu yaleyale kwenye mashine yangu, akakubali.

Nilikwenda kwa Bi Kufuli nikamweleza yote, nikasubiri kutukanwa. Hakutukana, na bora angetukana. Alivua miwani, akaamuru barua yoyote isitoke, akawaagiza wauguzi waanze kuwapigia simu wote waliokwisha kuchukua zao, halafu akaja kukaa chumbani kwangu kwenye kiti cha wageni ambacho mguu mmoja ni mbovu. Tulirudisha jedwali kutoka kwenye nakala ya zamani. Safari hii amri niliiandika, nikaisoma mara tatu kwa sauti. Ikafika saa tisa mchana, ikabaki kufungua mistari kumi tuone kama majina na majibu yanaoana. Akaandika nusu yake ya ufunguo, nikaandika yangu. Akaniambia nichague namba zozote.

Tisa nilichagua bila kuangalia. Ya kumi niliijua kwa moyo, maana mimi ndiye niliyemsindikiza shangazi siku aliyoandikishwa. Utaratibu wetu unakataza kumfungua ndugu yako. Bi Kufuli aliona hii sikuichagua ovyo, akauliza ni nani yangu. Nikamwambia. Akageuza kiti akatazama ukuta.

Majina yote kumi yalikaa mahali pake. Shangazi alikuwa na saratani.

"Mpigie wewe, kabla muuguzi hajampigia," alisema, bado ametazama ukuta. "Mimi namtafuta daktari aturudishie Ijumaa."

Shangazi alipokea akicheka, nyuma yake nasikia watu wanaongea. Nilimwambia barua ile haikuwa yake, kisha nikamwambia yake inasema nini. Nilisikia anafunga mlango. Hakulia. Aliuliza kama Ijumaa bado ipo, nikamjibu inatafutwa, na nadhani itapatikana. Ndipo hasira ikampanda.

"Na huyo aliyenichezea hivi ni nani? Nataka nimwone kwa macho yangu. Wiki nzima namshukuru Mungu kwa majibu ya mtu mwingine!"

Ningeweza kusema ni mashine. Hapa kila mtu husema ni mashine, na watu huitikia vichwa wakaenda zao. Nilikuwa nimechoka mno hata kutunga uongo mdogo hivyo, na huyu alikuwa shangazi yangu.

"Ni mimi, shangazi."

Nilisikia kiti kikiburutwa, akakaa.

"Si ungesema ni mashine tu," alisema. "Sasa Ijumaa nitamshika nani mkono?"

Nilimwambia atanishika mimi. Simu hakuikata.