Kikapu Kilichoinamia Kushoto

Nianze kwa kukiri, kwa unyenyekevu wote unaompasa kijana wa darasa la tisa, kwamba katika likizo ya Juni mwaka 1955 niliharibu ndoa ya dada yangu kwa kusuka kikapu kizuri. Kingekuwa kibaya, huenda leo dada angekuwa na mume.

Nilifika nyumbani kutoka shule ya bweni huko Mbeya baada ya siku mbili juu ya lori la magunia ya mchele, nikiwa na vumbi la Chimala masikioni na barua ya mkuu wa shule mfukoni. Barua ilieleza habari ya chumvi iliyoonekana katika sukari ya walimu. Nilimsomea Bibi barua hiyo mimi mwenyewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kwa jinsi nilivyoisoma ilikuwa barua ya pongezi. Bibi akanichinjia kuku.

Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mji wa Iringa. Mama alikuwa amefariki zamani, na Bibi ndiye aliyetulea, mimi na Damari. Damari alikuwa na miaka kumi na tisa, na katika likizo ile nilimkuta akiimba wakati wa kufagia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sababu iliitwa Mika. Aliendesha trekta katika shamba la tumbaku la mzungu mmoja, na kila Jumapili alipita mbele ya nyumba yetu akiwa amevaa koti, ingawa njia ya kwenda kanisani haikupita hapo.

Posa ilikuwa imepokewa na baba, na ng'ombe wamekubaliwa. Kilichobaki ni kikapu. Katika ukoo wa akina Mika, msichana hupeleka kwa mama mkwe kikapu alichokisuka kwa mkono wake, kimejaa unga wa ulezi. Wakiumimina unga katika chungu chao, msichana ni wao. Wakikirudisha kikapu na unga wake ndani, basi yamekwisha. Hakuna kikao wala barua.

Na Damari hakujua kusuka. Alikaa miaka minne kwa akina mama wa misheni, akajifunza kufuma vitambaa vya kufunikia viti, wakati sisi hatukuwa na viti. Nyumbani nako milulu, yale majani marefu ya bondeni yanayosukiwa vikapu, ilikuwa imesahaulika. Zamani Bibi alisuka vikapu vilivyobeba pombe bila kuvuja tone. Kisha duka la Alawi mjini likaanza kuuza mabeseni yenye maua mekundu, baba akanunua matatu, na Bibi akaacha. Hakuna aliyemwambia aache. Hakuna aliyemwomba aendelee.

Basi asubuhi moja ya baridi nikawakuta wamekaa karibu na moto, kifungu cha milulu mibichi kati yao.

"Vuta, mama, vuta!" Bibi alikuwa akisema. "Mwanya huu panya atapita na mizigo yake."

"Bibi, vidole vinaniuma."

"Vinauma kwa sababu vimedekezwa na sindano ya uzi."

Nilicheka. Bibi akageuza uso upande wangu. "Na wewe msomi, unacheka nini? Njoo hapa tuone Kiingereza chako kinasuka nini."

"Bibi, hii ni kazi ya wanawake."

"Na kula je? Ni kazi ya nani? Kaa chini."

Nilikaa ili nifanye kichekesho. Nilikunja uso kama mchungaji anayesoma Maombolezo, nikachukua milulu kwa mkono wa kulia. Hapa sina budi kueleza. Mimi nilizaliwa mashoto. Shuleni Mwalimu Jailos aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani, mwaka mzima, mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia, kwa mwandiko wa kuku aliyelowa. Tangu hapo mkono wa kushoto ulibaki bila kazi halali.

Bibi alinishika kidole. "Mbona unauficha huu mwingine?"

"Ni wa kushoto, Bibi."

"Milulu haikusoma shule. Utumie."

Nikautumia. Sijui nilieleze vipi jambo hili bila kuaibika mbele ya wanafunzi wenzangu. Ule mkono ulijua. Uliukunja mlulu mmoja mbele ya mwingine, ukavuta, na milulu ikalia kidogo, kama kiatu kipya, ikakaa. Nikakunja tena. Ilinuka matope na majani. Nilipoinua kichwa moto ulikuwa umezimika, uji wangu umepoa na kufanya ngozi, na kitako cha kikapu chenye upana wa sahani kilikuwa mapajani mwangu.

"Hee!" alisema Bibi, akikipapasa. "Hee, jamani."

Siku zilizofuata sikumtendea mtu yeyote ubaya. Chura niliyemkamata kwa ajili ya kitanda cha Damari nilimsahau ndani ya kopo mpaka akatoka mwenyewe. Bibi naye alibadilika. Aliamka kabla ya jogoo, akachimba mizizi, akaichemsha kupata rangi nyekundu, akanigombeza na kunisifu kwa sauti moja. Beseni moja la maua alilitoa nje, likawa la kuku kunywea maji. Sisi wawili tulisuka tukicheka kama walevi, na Damari alisuka pembeni akilia kimyakimya. Kikapu chake kilifanana na kofia iliyokaliwa na ng'ombe.

Ilipobaki wiki moja kabla ya Jumamosi ya kupeleka kikapu, Damari alinifuata mtoni.

"Eliezeri, Jumamosi ni keshokutwa ya keshokutwa," alisema, hesabu zimemvuruga. "Nitakwenda na nini?"

"Nenda na unga kwenye beseni."

"Usinitanie. Mika ameshajenga nyumba. Ameniuliza nataka dirisha upande gani." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimemwambia upande wa jua."

Nikatoa hoja, kwa heshima ya bunge: kikapu changu kiwe chake.

"Wakijua?"

"Watajuaje? Kikapu hakina sahihi."

"Na Bibi?"

"Bibi haoni."

Nilikimaliza Alhamisi. Bibi alikipokea kutoka kwa Damari, ambaye alisema, "Bibi, nimemaliza." Bibi akapitisha ncha za vidole kuanzia kitako hadi ukingo, polepole, akakizungusha, akapitisha tena. Alikaa nacho muda mrefu.

"Kimekaza," alisema. Akamrudishia.

Jumamosi mimi ndiye niliyemsindikiza, maana siku ya kikapu baba wa msichana haendi. Anayekwenda ni kaka au mdogo wa kiume. Damari alikibeba kichwani kutoka kwetu hadi ng'ambo ya mto bila kukishika. Akina Mika walitupokea kwa vigelegele na salamu. "Kamwene, kamwene!" Mama Mika alikipokea kikapu kwa mikono miwili na kuwaita majirani. Walikigonga, walikibonyeza, mmoja alikinusa. Mika alisimama karibu na ua akijifanya anatazama mbuzi.

Nilikuwa na furaha ya mwizi anayesifiwa sokoni kwa bidhaa zake.

Kisha akaja Shangazi Severina, dada ya baba yake Mika, mwanamke mwembamba ambaye hakupiga kigelegele. Alikitazama kikapu, akaingia ndani, akatoka na chake cha zamani, akaviweka pamoja juu ya mkeka. Hapo hata mimi niliona. Mikunjo ya kikapu chake ilipanda ikiinamia kulia, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mikunjo ya changu ilipanda ikiinamia kushoto.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Sijaona iliyokaza hivi miaka mingi. Mwanangu, umesuka mwenyewe?"

Alimtazama Damari kwa upole, na akangoja. Naapa alingoja. Damari alifungua mdomo. Nimefikiri sana tangu siku ile alitaka kusema nini, na ninaamini alitaka kusema kweli. Lakini mimi nilikuwa mwepesi. Shuleni nilisifika kwa wepesi.

"Dada ni mashoto, Shangazi," nikasema. "Tangu kuzaliwa. Ukoo wetu wote."

"Ahaa," alisema Severina. "Basi vizuri. Karibu jikoni, mwanangu, tumenye viazi."

Walimpa Damari kisu kidogo na ungo wa viazi vitamu. Wanawake watano walikaa kumzunguka wakizungumza habari za mvua. Dada yangu alikitazama kile kisu, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni, kisha akakishika kwa mkono wa kushoto.

Kiazi cha kwanza kilitoka na ukubwa wa yai. Cha pili kikamponyoka, kikabingirika mpaka miguuni pa Mama Mika, na hakuna aliyecheka. Mazungumzo ya mvua yakapungua, yakaisha. Damari aliendelea. Jasho lilimtoka puani. Katika kiazi cha tatu kisu kiliteleza kikaingia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, na damu ikadondoka juu ya viazi vyeupe. Akaendelea kumenya.

"Acha, mwanangu," alisema Shangazi Severina. "Acha. Inatosha."

Alimnyang'anya kisu taratibu, akachana upindo wa kanga yake mwenyewe, akamfunga kidole. Alifunga vizuri sana, kama mtu anayemfunga binti yake.

"Kusuka ni kazi ya miezi mitatu," alimwambia. "Tungekufundisha. Mimi mwenyewe nilipokwenda kwa ukoo wa mume wangu sikujua hata kupika ugali. Nilisema. Wakanicheka, wakanifundisha."

"Shangazi, ni mimi niliyesema!" nikapaza sauti. "Damari hakusema neno!"

"Ndiyo, baba. Hakusema neno." Hakunitazama. "Na damu ilipomtoka hakusema pia. Mtu wa namna hiyo tutakaa naye vipi? Siku ugonjwa ukiingia nyumbani, atatuambia?"

Mama Mika alilia, na nadhani alilia kweli. Lakini alikwenda akakileta kikapu, unga wake ndani vilevile, hata alama ya kiganja cha Damari alipousawazisha asubuhi haijaguswa. Akakiweka mbele yake. Huko nje Mika aliwageukia mbuzi. Alikuwa na kifua kipana na mikono iliyozoea usukani wa trekta, na hakuuliza kitu.

Tukashika njia ya kurudi. Mtoni nilijaribu kukibeba mimi. Damari akanisukuma kwa kiwiko. Nilisema samahani mara nyingi kiasi kwamba neno lenyewe likaanza kunuka. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka mtu anichape, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na haja hiyo.

Jioni ile Bibi aliambiwa. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?" Damari aliuliza.

"Nilikishika. Kilikuwa cha Eliezeri."

"Na ukaniacha niende?"

Bibi alipapasa ardhi mbele yake kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Ilikuwa miaka mingi, mama. Nilisikia milulu ikilia tena ndani ya nyumba. Niliogopa nikisema, mtaacha."

Damari alicheka. Sijapata kusikia kicheko cha namna hiyo, na mimi ni mjuzi wa vicheko.

Nilirudi shuleni na kumaliza muhula bila kosa hata moja, hata mkuu wa shule akashuku kwamba ninaandaa jambo kubwa. Desemba nilipofika nyumbani nilipata habari. Mika alioa msichana mwingine mwezi wa kumi. Msichana huyo alikwenda na unga kwenye beseni, akawaambia mlangoni kwamba kusuka hajui. Walicheka sana, watu walisema. Walimimina unga chunguni kabla hajakaa.

Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na vikapu kumi na kimoja. Vilipangwa ukutani kuanzia kidogo hadi kikubwa, vyote mikunjo ikiinamia kulia, vimekaza kiasi kwamba ungeweza kuvitia maziwa. Damari alikuwa amekaa karibu na Bibi, anasuka bila kutazama mikono yake. Wanawake wa mjini walikuwa wameanza kuja kuvinunua. Bibi alikuwa mwenye furaha. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa Damari aliiona furaha hiyo kila siku na hakuisamehe.

Nilikaa upande wa pili wa moto. Nilisikia milulu ikilia na mkono wangu wa kushoto ukawasha, kama njaa. Nikaunyoosha kwenye kifungu.

Damari alikivuta kifungu chote, akakiweka chini yake, akakikalia. Hakuacha kusuka.

"Kuni zimekwisha," alisema.

Bibi aligeuza uso upande wangu, kisha akaurudisha kwenye milulu. Nikasimama, nikaenda kuchanja kuni, kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa.