Tony wa Kiti Namba Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 8 Februari, mkia wa Tony haukuwa na unywele hata mmoja. Upara ulianzia ncha ya mkia ukapanda hadi kiunoni, sawasawa pande zote mbili. Kuanzia mbavuni kwenda mbele alikuwa na manyoya ya kahawia ya kutosha. Tony alikuwa fereti, mnyama mwembamba wa kufugwa wa jamii ya kicheche, mwenye miaka sita, na alikuwa amekaa kwenye kiti namba tatu cha saluni ya Gaudensia, Tottenham, London.

Aliyemleta ni Mahendra, mzee mzaliwa wa Mwanza, fundi saa mstaafu anayeishi Neasden. Alikuwa amepiga simu Jumatano kuweka nafasi. Alisema mteja ni mwanamume, ana umri mzuri, na nywele zinamtoka. Mambo yote matatu yalikuwa kweli.

"Mzee Mahendra, huyu ni wa daktari wa wanyama," Gaudensia alisema.

"Daktari wa wanyama anajua wanyama, Mama. Hili ni suala la nywele."

Gaudensia alikuwa amesuka kwa miaka kumi na tisa, kwanza Bukoba, kisha London, na hakuwahi kumfukuza mteja aliyeweka nafasi. Alichukua kadi ya mteja na kalamu.

"Amewahi kutiwa dawa ya kulainisha?"

"Hapana."

"Anavaa wigi?"

"Hapana, Mama."

"Anapakwa mafuta gani?"

Mahendra alitoa mfukoni chupa ya kijani. Ilikuwa na picha ya Gaudensia mwenyewe akitabasamu. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya kukuza nywele anayoyatengeneza yeye. "Haya yako. Kutwa mara mbili."

Kwenye kiti namba moja Marion, nesi kutoka Nakuru, aligusa kichwa chake. Alikuja kujaribu mtindo wa harusi yake ya tarehe 12 Aprili, na mafuta hayohayo alikuwa amepakwa robo saa iliyopita.

"Ati anapakwa nini?" aliuliza Jennifer, shangazi yake, aliyekaa karibu. "Marion, simama twende."

"Auntie, nimesukwa nusu."

"Heri nusu kichwa kuliko mkia kama ule."

Gaudensia alimgeukia Mahendra. "Ulianza kumpaka kabla hajanyonyoka au baada?"

"Karibu na Krismasi."

"Na kunyonyoka kulianza lini?"

"Karibu na Krismasi."

Jennifer alifunga mkoba wake. "Gauda, harusi ina vichwa kumi na kimoja. Nithibitishie kwamba si mafuta yako, tutarudi. Ukishindwa, Jumapili nitasimama kanisani wakati wa matangazo."

Wateja wanane kati ya kila kumi wa Gaudensia walisali kanisa hilo. Saluni isingefika Pasaka.

Wakati huo Tony alikuwa ameshuka, akaingia kwenye sinki la kuoshea vichwa. Alichuchumaa, akakaza misuli, akatulia, akakaza tena. Sinki lilibaki kavu. Marion alitazama saa ya ukutani.

"Dakika nne. Huyu hakojoi. Tangu lini?"

"Tangu jana," Mahendra alisema. "Nilidhani anaona haya. Nyumba yangu ina wageni."

"Mzee, mwanamume asiyekojoa tangu jana hakai saluni."

Walimtia kwenye sanduku la wigi wakaita teksi mpaka zahanati ya wanyama Walthamstow. Marion alikwenda na nusu yake ya rasta. Jennifer alikwenda, kwa maneno yake, kama shahidi. Gaudensia alifunga saluni akawafuata.

Daktari Poonam alipitisha mrija, mkojo ukatoka. Kisha alimpima kwa altrasaundi. Tezi ya adrenali ya kushoto, iliyo karibu na figo, ilikuwa imevimba. Ugonjwa huo, alieleza, huwapata sana fereti waliohasiwa: tezi humwaga homoni kupita kiasi, manyoya hunyonyoka kuanzia mkiani, ngozi huwasha, na kwa dume tezi dume huvimba na kubana njia ya mkojo. Siku moja zaidi ingetosha kumuua.

Gaudensia aliuliza swali moja tu. "Mafuta yangu yamehusika?"

"Hapana. Ila asipakwe, atayalamba."

"Niandikie hilo la kwanza."

Daktari aliandika, akagonga muhuri. Halafu alimchoma Tony kijiti kidogo chini ya ngozi, katikati ya mabega, cha kutuliza homoni. Manyoya yangeanza kurudi baada ya wiki kadhaa.

"Kijiti?" Jennifer aliuliza. "Kama kile cha uzazi wa mpango?"

"Ndugu yake," Marion alisema.

Barua ilibandikwa saluni kando ya kioo. Jennifer aliisoma mara mbili. "Barua hata mimi naweza kuandika. Mimi nataka kuona manyoya."

Basi Tony aliletwa kila Jumamosi, kiti namba tatu, akapigwa picha. Mahendra alipima kwa kifaa chake cha ufundi saa. Tarehe 8 Machi: sifuri. Tarehe 22: milimita tatu, kiunoni tu. Tarehe 5 Aprili: milimita kumi na moja, mkia ukiwemo. Siku hiyo Jennifer alipitisha kidole kinyumenyume, kisha akavuta unywele mmoja kuhakikisha haukugundishwa. Tony alimng'ata.

"Ni yake," Jennifer alisema.

Ijumaa tarehe 11 Aprili vichwa vyote kumi na kimoja vilikuja. Marion, akiwa kiti namba moja, alizitazama picha za Tony kwa mpangilio wake.

"Dada Gauda, kile kijiti hukaa muda gani?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Hapa mbele nywele zangu zinarudi nyuma."

"Marion, wewe ni nesi. Na kesho ni bibi harusi. Kile kinazuia uzazi. Paka haya mafuta."

"Mafuta yana barua inayosema hayahusiki."

Saluni ilicheka. Jennifer hakucheka. Alivua kitambaa; juu ya masikio yote mawili palikuwa peupe, sawasawa pande zote.

"Mimi nina miaka hamsini na nane," alisema. "Uzazi wa nini?" Akapiga namba iliyokuwa juu ya barua, akaweka sauti ya wote kusikia.

Mpokezi wa zahanati aliuliza jina la mgonjwa.

"Jennifer."

Uzito?

"Kilo themanini na mbili."

Anauma?

Jennifer alifikiri. "Akichokozwa."

Saa sita na dakika tatu mchana mpokezi alithibitisha nafasi ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, na akaomba Jennifer aletwe akiwa amefungwa kamba.