Kijiko cha Mama Mkwe

Nilikuwa namsuka bibi harusi, na mama mkwe wake amekaa pembeni, eti anaonja tu wali aliokuja nao kwa ajili ya bibi harusi. Ghafla bibi harusi akakakamaa, akaanguka, mwili mzima ukatetemeka.

"Kifafa! Mtie hiki mdomoni!" Mama mkwe akaja mbio na kijiko.

"Thubutu! Utamvunja meno. Wewe tazama saa. Zikipita dakika tano, tunamkimbiza hospitali."

Nikasogeza pasi ya nywele mbali, nikamwekea taulo chini ya kichwa, nikamlaza ubavu bila kumkandamiza. Mama mkwe alitazama saa huku analia, na huku anatafuna.

Mtetemeko ukakoma. Tukasubiri mpaka akili ikamrudia vizuri. Akatutazama, kisha akatazama bakuli la wali.

"Mama, umemaliza wali wote?"

Hapo ndipo mama mkwe alipokificha kile kijiko.