Tovuti Isiyo na Kosa Hata Moja

Mzee Salomon wa Beni, mnunuzi wa kakao, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ndoa yangu na binti yake Séphora. Wengine wakitaka kumpendeza baba mkwe humpelekea samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge. Mimi, kwa kuwa nina akili nyingi, nilimtengenezea tovuti ya biashara yake. Mzee haoni tangu ugonjwa wa sukari ulipomharibia macho. Nilijua. Nilijiambia watoto wake watamsimulia.

Huku Butembo nina kiburi kimoja: tovuti zangu zote hupita kwenye mashine ya ukaguzi, ile inayosoma msimbo na kutaja makosa. Wenzangu husema mwenye duka hajali mambo hayo, mradi wateja wanapiga simu. Mimi huwaangalia kwa huruma. Kwa tovuti ya mzee, mashine ililalamikia jambo moja tu: kila picha ilihitaji maneno yaliyofichwa nyuma yake. Maneno gani? Haikusema. Ya kumsaidia nani? Sikuuliza. Nilijaza yaliyonijia kichwani, mashine ikaonyesha kijani, nikajipongeza kwa soda baridi.

Sebuleni kwa mzee, Beni, mbele ya wajomba na mashangazi, nilisimama nimevaa koti.

"Papa, iyi site hapana na kosa hata moja. Mashine yenyewe imeitika."

"Muzuri," akasema mzee, akatoa simu mfukoni. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti, hata maneno yaliyofichwa nyuma ya picha, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kifaransa. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Picha. Mzee mwenye kipara," simu ikatangaza.

Shangazi mmoja akakohoa.

"Picha. Magunia. Picha. Mtu fulani, sijui nani."

"Ule njo mimi," mjomba mmoja akasema, akijigonga kifua.

Séphora alikuwa ameziba uso kwa kitambaa, sikujua kama analia au anacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kidole cha mzee kikaendelea.

"Picha," simu ikasema, ikanyamaza.

"Picha ya nani?" mzee akauliza.

Nilikumbuka. Nilipofika kwenye ile nilikuwa nimechoka, nikaweka nafasi tupu tu, na mashine ikaikubali.

"Ya mama," Séphora akajibu polepole.

Mama yake, mke wa mzee, alikuwa amefariki. Picha ile ilipigwa shambani Oicha, mzee akiwa tayari haoni. Hakuwahi kuiona.

"Wewe uliiona," mzee akaniambia. "Sema, iko namna gani?"

Majivuno yote yakaniisha. Nilianza kwa kigugumizi.

"Anasimama katikati ya miti ya kakao, papa. Amevaa kikwembe ya kijani. Mukono moja iko kwa kiuno. Anaangalia ule mutu wa kupiga picha sawa vile anataka kumugombeza."

Mzee akacheka mpaka akatafuta leso.

"Njo yeye," akasema, akijifuta macho. "Njo yeye mwenyewe. Andika vile vile. Kisha ukuye na famille yako, tuongee mambo ya mbuzi za mahari."