Dirisha la Chumba cha Nyuma

Nyumba ya Severini ilikuwa haifai kukaliwa na binadamu. Bwana afya alimwambia hivyo mlangoni, leso imebana pua. Boma la Lindi lilikuwa likitafuta nyumba ya kuwapangishia wauguzi wa hospitali, kodi ya uhakika kila mwezi, na Severini aliitaka kodi hiyo kuliko kitu chochote. Lakini serikali ya Mwingereza ilikuwa na masharti: choo chenye mfuniko, kuta za chokaa, dirisha kila chumba, maji safi karibu. Bwana afya angerudi Ijumaa.

Severini akawatoa wapangaji wake wote siku ile ile, hata mzee Tomaso aliyevimba miguu. Kisha akaingia ndani kufanya kazi, na papo hapo akatamani kutoka. Alipovuta kitanda cha Tomaso, kunguni walimiminika ukutani kama mtama uliomwagika. Panya walikuwa wamezaliana kwenye makuti na kufia humo humo. Choo kilijaa hadi mdomoni, funza wanapanda magogo. Severini alitema mate mpaka koo likakauka.

"Watu hawa nguruwe," alimwambia mkewe, Genoveva.

"Na aliyekuwa akila kodi ya nguruwe nani?" Genoveva alijibu, anatua ndoo. "Miaka yote ulikuja hapa kunyoosha mkono tu. Hicho choo ulikuwa hukijui hata mlango."

Severini alichukua jembe. Alichimba shimo jipya, akapaka chokaa bila kungoja kunguni waishe. Wengi walinasa humo wakiwa hai, wakabaki madoa mekundu kwenye ule weupe. Aliyaangalia, akapaka tena juu yake.

Kilibaki chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Ukuta wake ulipakana na ua wa Mwahija, jirani aliyefiwa na mume. Ndani ya ua huo ndimo kilimokuwa kisima ambacho wapangaji walichota maji. Alhamisi Severini akautoboa ukuta. Udongo ulipoporomokea upande wa pili, alimwona Mwahija ameketi mkekani, amejitanda nguo nyeupe. Mwanamke akageuza uso upesi.

Haukupita muda, Abilahi, kaka yake Mwahija, akawa mlangoni.

"Ziba hilo tundu, Severini. Dada yangu yumo edani."

"Eda gani tena? Arobaini si imeshasomwa? Pilau nilikula mwenyewe."

"Ulikula, tena sahani mbili. Arobaini ni ya marehemu. Eda ni ya mjane, miezi minne na siku kumi, na haonwi na wanaume wa kupita. Huko kwenu Kilangala hamkuambiwa?"

"Kwetu tuliambiwa tulime. Sikiliza, bwana. Nitatundika gunia hapa. Kesho bwana afya akishaondoka, naziba kwa mawe."

Abilahi aliutazama ukuta, akamtazama na yeye, kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

"Gunia hilo likifunuliwa, usinifuate na maneno."

Ijumaa bwana afya alikagua choo, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika chumba cha nyuma akacheka.

"Dirisha gani hili linavaa nguo?"

Kabla Severini hajafungua kinywa, bwana afya alikwishalivuta gunia na kuchomoza kichwa nje, mpaka mabegani, kupima hewa. Uani mtungi ulivunjika. Mwanamke alilia kwa sauti ya chini, kisha mlango ukabamizwa.

"Dirisha zuri," alisema bwana afya, anajipangusa udongo. "Maji je?"

"Kisima kiko hapo jirani, bwana."

Abilahi alikuwa amesimama kwenye lango la ua, komeo mkononi.

"Kisima hiki ni cha mjane. Waliokuwa wakichota hapa ni Tomaso na wenzake, na wewe umewafukuza."

"Hakuna maji, hakuna nyumba," alisema bwana afya, akaenda zake.

Severini aliketi chumba cha nyuma, chokaa inamwasha pua, kunguni mmoja anamtambaa shingoni. Akakiponda hapo hapo kidudu hicho na kunusa kidole. Gharama aliyolipa ilikuwa hii: wapangaji sita, hakuna aliyerudi. Choo kipya, hakuna wa kukitumia. Kisima kimoja, kimefungwa. Jirani mmoja, hamsemeshi tena. Dirisha aliliziba siku hiyo hiyo, lakini Abilahi hakuuamini tena ukuta ule, na Mwahija, aliyekuwa akipata upepo uani, akamalizia eda yake yote ndani ya chumba cha giza.