Sahani ya Tano

Mtu akiishi miaka mingi na mafriji huzoea kutouliza. Friji haliulizwi, linasikilizwa. Unaweka sikio ubavuni, unangoja likohoe, na ugonjwa wake linakusimulia lenyewe. Ndivyo Fundi alivyojifunza kazi, na ndivyo alivyojaribu kuoa. Aliitwa nyumba moja kutengeneza friji lililokuwa likivuja maji, akakuta mwenye friji ni mjane, mwalimu wa chekechea, mwenye kicheko cha kumsahaulisha mtu bisibisi yake ilipo. Tangu siku ile friji likawa linahitaji kuangaliwa kila wiki, bila sababu yoyote ya kitaalamu. Mwishowe wakaoana, naye akahamia kwa mkewe na sanduku lake la vifaa.

Nyumba aliyohamia ilikuwa na mkewe, mama mkwe wake, na binti wa mkewe, msichana wa darasa la sita ambaye bibi yake alimwita Jaji. Jina halikuja kwa sababu ya maneno mengi. Alikuwa akikutazama, anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anaondoka bila kusoma hukumu. Tangu Fundi ahamie, mtoto huyu hakuwahi kumwita chochote. Si baba, si mjomba, si Fundi. Akitumwa kwake alisimama mlangoni na kusema, "Chakula tayari," kana kwamba anauambia ukuta. Fundi alikuwa mtu wa kuridhika na machache, lakini hili lilimkaa kooni. Hakutaka makubwa. Angeitwa hata "wewe" angelala usingizi mzuri.

Nyumba yenyewe nayo ilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyemweleza, kwa kuwa wenyeji wake walizifuata bila kuziona. Kikombe chenye mpini uliogundishwa hakikutumiwa na mtu. Mlango wa nyuma ulifungwa kwanza, wa mbele baadaye. Samaki hakupikwa. Hili la samaki lilimuuma, maana Fundi bila samaki alikuwa nusu mtu, ila mkewe alisema tu, "Hapa samaki hatupiki," naye akaitikia na kunyamaza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakuwa wakwe wapya wanaoishi na mama mkwe. Akawa anakula samaki wake mchana karakanani, amemfungia kwenye gazeti, mlango ameurudishia, kama mwizi. Siku moja Jaji alitumwa kumpelekea funguo, akamkuta anafyonza kichwa cha samaki, macho ameyafumba kwa raha. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa amesimama mbele yake. Jaji aliweka funguo mezani, akamtazama, akakitazama na kile kichwa, akaondoka. Fundi alingoja kesi isomwe nyumbani jioni ile, na jioni iliyofuata. Haikusomwa.

Basi Jumapili moja, ya mwisho wa mwezi, mkewe akamwambia avae shati zuri, leo wanatoka. Familia ile ilikuwa na mazoea ya kutoka Jumapili hiyo, asubuhi bustanini, mchana hotelini. Miezi iliyotangulia Fundi alisingizia kazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba naye anahesabiwa. Safari hii aliambiwa, tena mbele ya Jaji, na Jaji hakununa. Fundi alipiga pasi shati mara mbili. Alijiambia kuwa leo akiharibu, hataharibu tena, maana hataalikwa tena.

Akaanza kuharibu mapema. Bustanini kulikuwa na bwawa lenye bata na njia ya kulizunguka, na Fundi, kwa kutaka kuonekana mchangamfu, akatangulia kuelekea kulia. Alipogeuka, wenzake watatu walikuwa wamesimama pale pale wakimngoja arudi, kwa upole mkubwa, kama watu wanaomsubiri mgonjwa. Kumbe wao huanzia kushoto. Kwa nini kushoto, hakuna aliyesema, na yeye hakuuliza. Baadaye wakamwomba kijana mmoja awapige picha. Mkewe na Jaji walisimama wameachana, katikati yao pengo la mtu mmoja. Fundi alilitazama lile pengo. Lilikuwa lake au halikuwa lake? Akipita katikati ataonekana anajipenyeza, akikaa pembeni ataonekana ananuna. Mwishowe akasimama pembeni kabisa, na kwenye picha akatoka bega na sikio. Mama mkwe naye alitoka anautabasamia mti, kwa kuwa miwani alikuwa ameisahau nyumbani juu ya friji, na siku nzima alikuwa akitembea ameshika mkono wa mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, nishike vizuri," alikuwa akimwambia. "Ukiniangusha utapika peke yako."

Hotelini walijulikana. Mhudumu, mwanamume mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliwapeleka moja kwa moja kwenye meza ya dirishani bila kuulizwa. Meza ilikuwa na viti vitano. Fundi alivuta kiti kilichokuwa karibu naye, mama mkwe akakohoa, mkewe akamshika kiwiko taratibu na kumsogeza kiti cha pili. Kile cha kwanza kikabaki kitupu. Fundi akaelewa kuwa kuna mgeni anakuja. Akanyoosha kola.

Mhudumu alipomgeukia, Fundi alisafisha koo ili aagize. Mkewe akamgonga goti chini ya meza.

"Wewe muagizie Mama," alinong'ona. "Hapa mtu hajiagizii."

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Nimeshakuagizia."

Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Fundi alijikuta anatakiwa kuchagua chakula cha mama mkwe wake, mtu ambaye mpaka siku ile alikuwa hajathubutu kumtazama akila. Akafikiria meno yake. Akafikiria tumbo lake. Akaagiza viazi vya kuponda na supu. Mama mkwe aliuliza kwa utaratibu kabisa kama kuna mtu amesikia kwamba ameng'oka meno, mkewe akaangua kicheko, na Fundi akatokwa jasho chini ya lile shati la pasi mbili. Bibi akamwagizia Jaji, Jaji akamwagizia mama yake. Kisha mtoto akamwashiria mhudumu ainame, akamnong'oneza kitu sikioni. Mhudumu aliinua nyusi, akauliza, "Una hakika?" Jaji akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikarudi nyuma ya sikio.

Chakula kikaja. Kwa Fundi alikuja kuku wa kuchoma, kwa sababu enzi za uchumba aliwahi kumsifia mkewe kuku kwa adabu, na tangu hapo kuku akawa ndiye hukumu yake. Mbele ya kiti kitupu mhudumu aliweka sahani ya tano. Ilikuwa na samaki mzima wa kukaanga, mkia umetokeza nje ya sahani, kitunguu juu, kipande cha limau ubavuni.

Mkewe aliitazama sahani ile, akamtazama Jaji, akarudi kuitazama sahani. Jaji alikuwa akila wali wake. Bibi, ambaye bila miwani hakukiona kilichomo sahanini, aliendelea kuulalamikia uji wa viazi, kama alivyouita.

Fundi alikula kuku huku moyo uko kwa samaki. Mgeni hakuja. Wakafika katikati ya chakula, mgeni hakuja. Mafuta ya samaki yakaanza kuganda pembezoni mwa sahani. Fundi alilelewa na mama ambaye chakula kikibaki hakusema neno, ila asubuhi ulikikuta pale pale ulipokiacha. Kutazama samaki akipoa lilikuwa jambo ambalo mwili wake haukuliweza. Kisha akaona mkewe anamtupia jicho yeye, kisha anaitupia jicho sahani. Akaona Jaji naye ameacha kula, anamtazama yeye, kwa yale macho ya mahakamani. Akawaza, hawa wananingoja mimi. Mhudumu amekosea, ameleta chakula cha meza nyingine, na sasa wanataka kuona kama nyumba hii ina mwanamume wa kumaliza tatizo.

Basi akalimaliza tatizo. Aliivuta sahani, akakamua limau, akaanza kula.

Samaki alikuwa mtamu, na Fundi, Mungu amsamehe, alijisahau kidogo. Alipoinua kichwa, upande mmoja wa samaki ulikuwa umebaki mifupa, na mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa cha mezani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alisukuma kiti nyuma, akanyanyuka, akaelekea maliwatoni karibu anakimbia.

"Kuna nini?" Bibi aliuliza, akikunja macho kutazama. "Nani kaondoka?"

Bibi akapapasa mezani, mkono ukafika mahali sahani ya tano ilipokuwa, ukakuta meza tupu. Akapapasa mpaka akagusa ukingo wake mbele ya Fundi. Hapo akashusha pumzi, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Mkwe wangu, hukuambiwa, kosa ni letu. Sahani inayowekwa pale ni ya marehemu."

Akamweleza kwa kifupi. Baba yake Jaji ndiye aliyeanzisha kutoka Jumapili zile, na kuagiziana, na kuanzia kushoto. Alipofariki, mtoto alikataa kutoka mpaka baba yake aagiziwe. Kwa hiyo kila mwezi humwagizia, sahani inakaa pale mpaka wanapoondoka, kisha inafungwa na kupewa mtu wa kwanza watakayekutana naye nje. Haijawahi kuguswa mezani.

Sasa Fundi aliliona lile pengo kwenye picha, na kile kikombe chenye mpini wa gundi, na kila kitu alichopita juu yake na viatu vyake vikubwa. Mtoto hajamwita jina hata moja, na yeye, siku ya kwanza kualikwa, amemla baba yake mbele yake mpaka kwenye mbavu. Mikono ilikuwa imejaa mafuta na hakujua aiweke wapi. Akamwita mhudumu.

"Kaka, niletee nyingine," alisema. "Kama hii hii. Na limau. Uiweke pale ilipokuwa."

Mhudumu alikitazama kiti kitupu, akamtazama Fundi na samaki wa upande mmoja, akaonekana haelewi.

"Ya nini?" aliuliza Jaji.

Aliuliza huku anatazama dirishani, lakini aliuliza. Fundi alijifuta mikono, ikakataa kukauka.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua. Nimekula sahani ya baba yako."

"Baba alikuwa hali samaki," Jaji alisema. "Akila anavimba midomo."

"Samaki?" Bibi alishtuka. "Samaki gani? Nani kaagiza samaki?"

Fundi alisikiliza, kama kawaida yake. Alingoja kitu kikohoe ajue ugonjwa uko wapi. Kwa nini nyumbani samaki hapikwi, hilo alilielewa hapo hapo. Kwa nini mtoto ambaye kila mwezi humwagizia baba yake leo ameagiza kitu ambacho baba yake alikuwa hawezi kukitia mdomoni, hilo halikuingia akilini hata kidogo. Alilizungusha huku na huku na likagoma. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile tangu ahamie. Aliuliza.

"Sasa hii ilikuwa ya nani?"

Jaji alimtazama. Alimtazama kama siku ile ya karakanani, akaitazama na sahani, akafunga mdomo kabisa. Fundi aliona kesi imeahirishwa tena.

Mkewe alikuwa amerudi, uso umeoshwa, amesimama nyuma ya kiti kitupu bila kukaa. Mhudumu, ambaye meza nyingine zilikuwa zikimwita na ambaye aliijua kazi yake ya kila mwezi, alinyoosha mkono kwenye sahani ya samaki.

"Basi hii niifunge, kama siku zote?" alimuuliza Jaji.

Jaji aliweka kiganja kwenye ukingo wa sahani.

"Usifunge," alisema. "Mwenyewe yupo. Anakula."

Mhudumu akaondoka. Bibi akawa anauliza huku na huku nani mwenyewe, nani anakula, mpaka mkewe akamwinamia na kumwambia sikioni. Mkewe akakivuta kile kiti kitupu, akaketi juu yake, akajipangusa macho tena bila kujificha. Fundi aliangalia sahani. Madoa yote mapya ya shati lake, jasho, limau, mafuta, hakuyajali tena. Alichukua uma, akageuza samaki upande wa pili, akala polepole mpaka nyama ikaisha. Kwa heshima, kwa kuwa wako mbele ya watu na mama mkwe yupo, akaweka uma chini na kuacha kichwa ukingoni mwa sahani.

Jaji alikisukuma kichwa kile kwa kijiko mpaka mbele ya Fundi.

"Mbona kichwa umekiacha, wewe?"

Fundi alikishika kwa mikono miwili, akafumba macho.