Akikimbia Sasa Atafumuka

Tangu Biddy arudi kutoka hospitali ya farasi, Bronwyn Tully hakuwa akinywa chai kabla ya kuweka sikio ubavuni mwa farasi jike huyo. Alitoka nyumbani amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akavuka uwanja ulioganda kwa baridi, akaingia bandani na kuliegemeza sikio nyuma ya mbavu, akingoja tumbo lingurume. Likinguruma, alimpapasa shingo. Likichelewa, alisimama palepale amezuia pumzi, na jasho likamtoka ingawa maji ya ndoo yalikuwa na barafu juu. Kisha alitafuta mavi kwenye pumba za mbao. Akiyakuta mabichi na ya mviringo, aliyafurahia kama mtu aliyeokota mayai.

Hofu yake haikutoka hewani. Mwanzoni mwa majira ya baridi utumbo wa Biddy ulikuwa umejisokota. Bronwyn alimkuta anagaagaa malishoni, anajipiga tumbo kwa kwato, macho yamemgeuka. Walimpakia kwenye trela wakampeleka hospitali, na huko madaktari wakampasua, wakakata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa, wakaunganisha kilichobaki. Biddy akaishi. Wakamruhusu arudi nyumbani kwa masharti: akae bandani, atolewe kwa kamba kula majani kidogo, na asikimbie hata hatua chache mpaka nyama ya tumbo ishikane. Imogen Sandhu, daktari wa mifugo wa maeneo yale, hakumzungusha Bronwyn kwa maneno.

"Akikimbia sasa, Bron, anaweza kufumuka. Na akifumuka hapo, hatutakuwa na la kufanya."

Neno hilo lilihamia kichwani mwa Bronwyn likajenga nyumba. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa gari kwenye mashamba ya milimani, na kila kona ya barabara alikuwa akiliona lile tumbo linaachia. Hakuwahi kupata mtoto. Biddy huyo alikuwa amemlea yeye mwenyewe kwa chupa ya maziwa, tangu mama wa farasi huyo alipokufa kwa kumzaa.

Baba yake Bronwyn, Arch, alikuwa na maoni mengine. Ujana wake wote aliutumia kuswaga ng'ombe nyikani. Sasa alikuwa amepita miaka themanini, mguu mmoja ulikuwa umegoma, na alikuwa akiishi kwa binti yake, akisukuma kigari cha kujiegemeza na kukitukana njia nzima.

"Enzi zetu, farasi akisokotwa tumbo tulimpa risasi moja, tukamshukuru, safari ikaendelea," alisema mezani, huku akilowesha mkate kwenye supu ya kondoo.

"Enzi zenu mlikuwa mnang'oana meno kwa koleo pia, Baba."

"Na yalikuwa yanang'oka."

"Naona. Ndiyo maana unalowesha mkate."

Arch akacheka kwa pua. Kisha uso ukambadilika. "Lakini umemfungia kama mwizi, mwanangu. Nikipita ananitazama mimi, kana kwamba funguo ninazo."

"Kwani unapita huko kufanya nini? Akikusukuma kidogo tu utavunjika."

"Nani kasema napita?"

Wiki hiyohiyo ulivuma upepo mkali kutoka kusini. Bronwyn alirudi mapema kwa sababu mkaratusi ulikuwa umeanguka ukafunga barabara ya juu. Aliposhuka garini aliona mlango wa banda uko wazi. Kigari cha baba yake kilikuwa kimelala ubavu nje ya mlango, gurudumu moja likizungushwa na upepo.

Alizunguka banda mbio.

Arch alikuwa amekaa chini kwenye majani, upande wa ndani wa geti la malisho, mguu mmoja umekunjika vibaya. Kiganja chake kilikuwa kimechunwa na kamba. Mbali mbele yake, katikati ya uwanja mpana, alisimama Biddy, kichwa juu, mkia juu, pua wazi, kamba ikining'inia kidevuni. Bandeji nyeupe ilimzunguka tumbo. Alikuwa na sura ya mnyama anayetafuta kisingizio tu cha kutimka.

"Usikimbie," alisema Arch kwa sauti ya chini. "Ukikimbia wewe, na yeye anakimbia."

Bronwyn akatembea hadi kwa baba yake, kila hatua akijizuia, akapiga goti.

"Nilitaka kumpa majani kidogo," alisema mzee. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Wewe unachoka. Nikasema nami nishike kamba, nisiwe mzigo tu humu ndani. Akaruka kwa upepo, akanivuta."

"Mguu?"

"Upo."

"Baba, niambie ukweli."

"Unauma kishenzi. Hauendi popote. Mfuate farasi."

Akamfunika kwa koti lake, akapiga simu ya gari la wagonjwa, akampigia na Imogen, akinong'ona kama mtu aliye kanisani. Kisha akasimama, na hapo ndipo alipojua hofu ya kweli, maana alikuwa ameigawa mara mbili na kila nusu ilikuwa nzito kuliko ile nzima. Baba nyuma yake, farasi mbele yake, na yeye anatembea kama mtu anayetafuta uyoga, macho chini, mabega yamelegea.

Alikuwa amefika nusu ya njia upepo ulipong'oa bati kwenye paa la banda. Bati likapiga kelele kama bunduki.

Biddy akatimka.

Alikimbia akiufuata uzio, mabonge ya udongo yakiruka nyuma ya kwato, akageuka pembeni, akarudi kwa kasi ileile. Bandeji ililegea nyuma ikaanza kupeperuka. Bronwyn alisimama, mikono hewani, hajui aiweke wapi. Alikuwa akingoja kuona kitu kinaanguka kutoka chini ya tumbo lile. Alikuwa akingoja kukiona na huku hawezi kufumba macho.

"Kaa chini!" Ilikuwa sauti ya Arch. "Bron, kaa chini!"

Miguu ilimtii mzee kabla ya akili. Akaanguka kitako kwenye majani yenye maji, akainamisha kichwa, asionekane kama mtu anayetaka kitu. Alisikia kwato zikipita, ardhi ikitetemeka chini yake. Zikapita tena, polepole kidogo. Kisha zikanyamaza, na pumzi nzito ikamgusa kisogo.

Aliishika kamba bila kuinuka. Mkono mwingine aliupeleka chini ya tumbo, kidogokidogo, kama anayetia mkono kwenye shimo asilojua lina nini. Bandeji ilikuwa imelowa. Akautoa mkono. Vidole vilikuwa vyekundu.

Gari la wagonjwa lilifika kwanza. Arch alikataa kuingizwa ndani mpaka Imogen aje, na wahudumu wakaona ni nafuu kungoja kuliko kubishana naye. Imogen alipofika alilala chali bandani, chini ya farasi, na taa kichwani. Alikaa huko muda mrefu akipapasa mshono, na Bronwyn alikuwa ameng'ang'ania singa za shingo ya Biddy.

"Ngozi imeachia kwa nyuma," alisema Imogen mwishowe. "Ukuta wa ndani naona umeshika. Lakini naomba usinibane kwa neno 'naona'. Leo siwezi kukupa lingine."

Nyonga ya Arch ilikuwa imepasuka. Yeye naye alishonwa, akafungwa, akakatazwa kutembea ovyo, na alipoletwa nyumbani Bronwyn alimchunguza kidonda kwa macho yaleyale hadi mzee akamuuliza kama mavi yake pia atayataka.

Chini ya tumbo la Biddy palibaki uvimbe. Palikuwa na siku za homa, siku ambazo hakugusa majani, na asubuhi moja ambayo sikio la Bronwyn halikusikia kitu hata kidogo mpaka jua likapanda. Majira yakageuka. Imogen akaja, akabonyeza, akasikiliza, akasema hatapandwa tena milimani, ila sasa anaweza kuachiwa malishoni.

Bronwyn akamleta hadi getini, akavua kamba. Mkono ulifika kwenye komeo ukakwama hapo.

"Fungua, mwanangu," alisema Arch.

"Siwezi."

Mzee akaegemea kigari chake, akanyoosha mkono, akafungua mwenyewe. Bronwyn akageuka, uso kwenye nguzo. Akasikia kwato: hatua, hatua, kisha mshindo.

"Niambie," alisema, macho kayafumba.

"Anakimbia."

"Amefumuka?"

"Bado anakimbia, Bron," alisema baba yake. "Bado anakimbia."